Siku Mama Aliponyolewa Nywele

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu, mwanangu. Ni siku wanawake wa kambi nzima walipomlilia baba yangu, wakajitupa chini na kujimwagia vumbi, na kumbe baba alikuwa mzima, yuko kazini, anatia makaa kwenye injini ya treni huko njia ya kaskazini. Walimlilia kwa sababu ya nywele za mama.

Jana nimekuona umesimama mbele ya kioo, unang'oa mvi mojamoja, halafu ukaniuliza mwanamke wa umri wako akikata nywele zote watu watasemaje. Ulicheka ulipouliza, lakini mikono yako haikucheka. Sikukujibu upesi kwa sababu jibu langu ni refu. Kaa hapa karibu, masikio yangu siku hizi hayapendi kumsikiliza mtu aliye mbali.

Wakati ule mji huu tuliuita Elisabethville. Wazungu walikuwa na upande wao, sisi tulikaa katika kambi ya wafanyakazi wa reli, nyumba za matofali zilizopangwa mistari, zimekaribiana hata jirani akikohoa unamjua ni nani. Mama yangu, huyo nkambo yako, bibi yako ambaye hukumwona, aliletwa pale akiwa bibi arusi kutoka upande wa Mitwaba, na kitu cha kwanza ambacho watu walimjulia ni nywele. Zilikuwa nyingi, laini, akizifumua Jumamosi zinamfika mabegani. Majirani walikuja kumsuka huku wakipiga domo, na baba, kama hayuko safarini, alikaa kwenye kizingiti akitazama. Alikuwa mtu wa maneno machache. Lakini mama alijua kwamba anatazama, na alipenda.

Sasa, nilipokuwa msichana wa kuposwa, mama akaanza kuota mvi juu ya paji la uso. Kando ya masikio nywele zikapungua, ngozi ikaanza kuonekana. Hilo ni jambo la kila mtu. Ila pale kambini kulikuwa na wanaume wawili watatu waliokuwa wamekwenda likizo vijijini kwao wakarudi na wake wapya, wasichana wa rika langu, na wale wake wa kwanza wakabaki kupika kwa ajili ya wote. Mama aliyaona hayo kila asubuhi akienda kuteka maji bombani.

Na shangazi akaongeza chumvi. Shangazi Kabange, dada mkubwa wa baba, alikaa kwenye cité, mtaa wa Waafrika nje ya kambi, na kila Jumapili tulikutana naye baada ya misa. Jumapili moja alivuta kitambaa cha kichwani cha mama nyuma kidogo, akachungulia.

"Mama Numbi," akasema, maana mama aliitwa kwa jina langu, mimi mtoto wa kwanza, "kichwa inaanza kukusemea. Na ndugu yangu angali na nguvu, ujue."

Akacheka. Mama pia akacheka. Tulipofika nyumbani mama alipika, akatupakulia, yeye hakugusa chakula.

Tangu siku hiyo sikuona tena kichwa cha mama wazi. Alikusanya masizi ya chini ya sufuria, akayachanganya na mafuta ya mawese, akajipaka kwenye mvi kila jioni. Kitambaa alikifunga hata ndani ya nyumba, hata akilala. Kama baba alikuwa nyumbani, mama aliamka kabla yake ili ajitazame kwanza. Mimi niliona, nikadhani ni urembo. Sikujua kwamba mtu anaweza kuogopa hivyo ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Mama Mbuyi, mwanamke wa Kasai, mshonaji. Alikuwa na chanuo la chuma, lile la kupasha moto kwenye makaa na kunyooshea nywele. Wasichana waliokuwa wanajiandaa kwa arusi walipanga foleni kwake. Mama akaenda kumwomba amnyooshee ili nywele zionekane ndefu, zifunike pale palipokuwa wazi. Mama Mbuyi akamshika kichwa, akapapasa, akakataa.

"Nywele yako imekuwa nyepesi, dada yangu. Nikipitisha moto hapa, itakatika yote. Acha nikusuke kidogokidogo, inatosha."

Mama hakutaka kidogokidogo. Aliposikia baba ameondoka na treni kwenda kaskazini, akaazima lile chanuo kwa kusema ni la kuninyooshea mimi, akafunga mlango, akajifanyia peke yake bila kioo. Nilirudi kutoka bombani nikakuta harufu ya nywele zilizoungua na ya kitu kingine. Chuma kilikuwa kimemponyoka mkononi kikaangukia utosini, na kabla hajakiondoa ngozi ilikuwa imeshikana nacho. Hakupiga kelele. Alikuwa ameuma kanga.

"Baba yako asijue," aliniambia. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

Akapaka mafuta ya mawese juu ya kidonda. Na halafu, mwanangu, kwa sababu mvi za kando zilikuwa zinaonekana, akapaka na masizi, akafunga kitambaa kwa nguvu. Siku zilizofuata alikuwa anatembea polepole kama aliyebeba ndoo iliyojaa. Kisha ikaja homa. Usiku alikuwa anasema maneno yasiyoeleweka, asubuhi anasema ni malaria tu. Nilipoona kitambaa kimelowa maji ya njano, na harufu yake, nilikimbia kumwita Mama Mbuyi.

Mama Mbuyi hakugomba. Alimshika mama mkono mmoja, mimi mwingine, tukaenda naye dispansari ya kambi. Ilibidi kumwagia maji ya uvuguvugu kwa muda mrefu ili kitambaa kiachie. Muuguzi, mtu mzima mwenye koti jeupe, alitazama akatikisa kichwa.

"Mama, hii nywele inaingia mu kidonda. Tunanyoa yote, sasa hivi. Tukichelewa, uchafu itaingia mu damu."

Mama akarudi nyuma. "Ngoja bwana yangu arudie kwanza. Aone, anipe ruhusa. Kwetu mwanamuke hanyolewake kichwa bwana yake akiwa muzima. Bantu batasema nini?"

"Batasema nini ukikufwa?" muuguzi akamwuliza.

Mama akanitazama mimi. Mama Mbuyi akamwekea kichwa kifuani mwake, na wembe ukapita. Nywele zilianguka sakafuni na masizi yake, nyepesi, hazikujaza hata kikapu kidogo. Alipomaliza, muuguzi akaosha, akanyunyiza dawa ya unga mweupe, akatukataza kufunga kitu chochote juu mpaka pakauke.

Ndivyo tulivyotoka. Mama katikati, kichwa kitupu, unga mweupe ambao kwa mbali ulionekana kama majivu ya msiba, machozi yakimtoka kwa maumivu, na mimi nikilia kwa sababu yeye analia. Wanawake waliokuwa bombani walituona tukikata kona. Nilimwona mmoja akiweka ndoo chini. Akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Baba Numbi! Eee, Baba Numbi! Treni imetuulia Baba Numbi!"

Na kilio kikapanda. Kilipita mstari hadi mstari kama moto kwenye majani makavu, milango ikafunguka, watu wakakimbia. Mama alikuwa anasema hapana, hapana, lakini mwanamke mwenye kichwa kilichonyolewa akisema hapana, nani hatafikiri anakataa msiba? Walimkumbatia, walimvuta chini akae kwenye vumbi pamoja nao. Na mimi, mwanangu, mimi niliyetoka naye dispansari, niliyeona wembe kwa macho yangu, nilianza kujiuliza. Labda hawa wamesikia habari ambayo sisi hatujaipata. Nikasahau kusema niliyoyaona.

Mama Mbuyi ndiye aliyepiga kelele kuliko wote mpaka wakanyamaza, akawaonyesha kidonda. Wengine wakaona haya wakaenda. Wengine walibaki wananong'ona. Na shangazi Kabange alikuwa njiani tayari, maana habari ilikuwa imekwisha kumfikia.

Aliingia akiwa amejifunga kanga kiunoni, sauti imekauka kwa kulia. Alipoambiwa kwamba ndugu yake hajafa, hakufurahi. Alimtazama mama kwa muda mrefu.

"Basi umemulilia mbele ya kufwa," akasema. "Umenyoa kilio ya muntu muzima. Juu ya nini? Juu ya uzuri?" Shangazi akamnyoshea kidole. "Kama ndugu yangu harudie na miguu yake, utarudia kwenu Mitwaba peke yako. Batoto banabakia kwetu."

Yalikuwa maneno ya hasira, lakini katika ukoo wetu maneno kama hayo yalikuwa na miguu, yalitendeka. Na treni ya baba haikuja siku iliyotazamiwa. Ilikuwa majira ya mvua. Kila asubuhi nilitumwa stesheni, na karani alinijibu bila kuinua uso: njia imekatika kaskazini, hakuna habari. Nilichukia kurudi nyumbani na neno hilo. Mama alikuwa ananisikilizia hatua zangu tangu kona, na mimi nilijaribu kutembea kama mtu mwenye habari nzuri, nikashindwa. Wadogo zangu waliacha kucheza. Shangazi alikuja kila siku, akakaa kwenye kiti cha baba.

Mama alikaa sakafuni. Akikumbuka kwamba kukaa sakafuni ni kwa wafiwa, aliinuka haraka akakaa kitandani. Baada ya muda kidogo namkuta yuko sakafuni tena.

"Numbi," aliniambia mchana mmoja, "nafikiri nilimwita."

"Ulimwita nani, mama?"

"Kifo. Nilikuwa naogopa bwana aende kwa mwanamuke mwingine. Sasa ameenda fasi ambayo sitamufuata."

Nilichukua ile dawa ya unga, nikamnyunyizia utosini.

Baba alirudi mchana wa jua kali baada ya mvua kubwa. Sikumwona mimi kwanza; nilisikia kimya. Kambi nzima ilinyamaza, halafu mtoto mmoja akacheka. Nikatoka. Alikuwa anakuja na sanduku lake la bati begani, mweusi kwa makaa, hajui lolote, anashangaa kwa nini watu wanamtazama kama mzuka. Mama akasimama mlangoni. Alisahau kujifunika.

Baba alipoona kile kichwa, sanduku lilianguka.

"Ni mutoto gani?" akauliza. "Mama Numbi, ni nani kati ya batoto?"

Akaanza kutuita kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeitwa aliitika, mpaka wa mwisho alipoitika mgongoni kwangu. Ndipo baba akakaa chini pale pale kwenye tope. Hakufikiria uzuri, mwanangu. Hakufikiria mke mwingine. Alifikiri mmoja wetu amekufa.

Jioni mama alimwambia yote: mvi, masizi, chanuo. Nilikuwa nawasha mkaa nje, nikasikia. Baba akasema, "Ile weusi ya ku mto ya kitanda ni wewe?"

"Ni mie."

"Mi nilikuwa nazani ni makaa yangu. Nilikuwa najisugua na sabuni mpaka masikio inaniuma, nisikuchafulie mto."

Nilisikia mama akicheka na kulia pamoja. Ni miezi mingapi walikuwa wamelala hivyo, kila mmoja akijificha kwa mwenzake?

Usidhani mambo yalinyooka yote. Shangazi alidai kuku mweupe wa kusafisha nyumba na mkosi ule, na baba akamtoa ili kuwe na amani, na mama alinuna siku nzima kwa sababu ya kuku huyo. Utosini nywele hazikuota tena. Lakini hizo nyingine ziliota nyeupe, na mama akaziacha fupi, zimekatwa karibu na ngozi, na Mama Mbuyi ndiye aliyekuwa anamkatia. Mwanzoni watu walitazama. Baadaye walizoea, na wengine wa rika lake wakaanza kuja kwa Mama Mbuyi kungoja zamu ya kukatwa.

Sasa nakuambia lile uliloniuliza. Ukitaka kuzikata, kata. Ukitaka kuzisuka au kuzipaka rangi, fanya hivyo mpaka uwe na miaka yangu, hakuna dhambi. Sitakudanganya kwamba kila mwanaume ni kama baba yangu. Kuna waliowaacha wake wenye nywele nyeusi tii. Ila usiguse kichwa chako kwa sababu ya hofu ambayo hujamwambia mtu. Ikiwa ni mume unayemwogopa, mwulize yeye, usiulize kioo. Ukiumia, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje ruhusa ya mtu. Na ukimwona mwanamke mwingine amebadilisha kichwa chake, msalimie kwanza, umwulize habari, kabla hujaanza kulia au kucheka.

Njoo nikushike kichwa. Mungu akujalie miaka ya kutosha mpaka hizi zilizobaki nazo ziwe nyeupe. Akupe nyumba ambayo utalala humo bila kujifunika, na binti zako wakuone ukizeeka wasiogope. Nenda, mwanangu, ukalale vizuri.