Ruhusa ya Kunyonyesha

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msinisifu bure. Nilikuwa mshonaji kwenye karakana ya sare za shule, Eastleigh. Mama anayenyonyesha aliruhusiwa kutoka saa tisa, na wenzake walimalizia kazi yake. Kola zangu zilimaliziwa na jirani yangu wa cherehani, mwanamke asiye na mtoto.

Msichana wangu aliacha kunyonya, lakini kazini sikusema, nikaendelea kutoka saa tisa. Saa zile nilizitumia kujifunza kukata vitambaa kwa fundi mmoja mtaa wa Umoja, maana nilitaka kuwa mkataji.

Siku moja mama yangu alikuja karakanani kufuata ufunguo wa nyumba, amemshika mtoto mkono, mtoto anatafuna muwa. Jirani yangu akapasuka kicheko: "Haiya, mama! Huyu ndiye ananyonya, na meno yote hayo?" Kisha akainama, akaendelea na kola yangu.

Nafasi ya mkataji ilipotokea pale karakanani, nilipewa mimi. Yeye alibaki palepale kwenye cherehani, na sikumwomba msamaha hata siku moja.

Juzi msichana huyohuyo, sasa ni mama, alimwambia mkubwa wake wa kazi kwa simu kwamba mtoto ana homa. Mtoto alikuwa anaruka juu ya kochi. Alipokata simu nikawaambia wote waliokuwepo: "Humu ndani hatuna mgonjwa wa simu. Wewe, vaa viatu uende kazini."