Kiti cha Mzee

Mwanangu alipewa jina la marehemu baba mkwe wangu, na tangu siku hiyo hakuwa mtoto tena. Mama mkwe humwita "mume wangu". Watu wazima wa ukoo humwita Tata, yaani baba, na wenye maduka pale kwetu Busawe humwamkia shikamoo ili wacheke akiitikia marahaba. Mimi pia nilikuwa nacheka. Ni desturi yetu Wakurya, na haina ubaya wowote mtoto akiwa amekaa chini anakula ugali wake. Ubaya ulianza mdogo wake mume wangu aliponunua gari.

Huyu shemeji alichimba dhahabu Nyamongo kwa miaka mingi, na gari alilistahili, sikumwonea wivu. Kilichonichefua ni jinsi alivyolitumia. Gari lilikuwa na kengele inayolia kama abiria wa mbele hajafunga mkanda. Yeye alitafuta kile kichuma kinachochomekwa mahali pa mkanda ili kengele ifikiri umefungwa. Akanionyesha huku anacheka, kana kwamba amegundua dawa. Kisha akaweka mto kwenye kiti cha mbele, na juu ya mto akamsimamisha mwanangu wa miaka minne, mikono kwenye dashibodi, awapungie watu njiani.

"Shemeji," nilimwambia siku ya kwanza, "mtoto akae nyuma na mimi."

"We mama, nyuma wanakaa wanawake na mizigo," akanijibu. "Mzee akae na mizigo?"

Mama mkwe akagonga viganja kwa kuridhika. Mume wangu alikuwa upande wa Kenya kwa kazi za ujenzi, kwa hiyo hakukuwa na wa kunisemea. Nikaingia nyuma, nimebanwa na debe la mahindi, nikawa natazama visigino vya mwanangu vikiteleza juu ya ule mto kila gari lilipoingia shimoni.

Sikuhitaji kusomea chochote ili kuona hatari ile. Mtoto aliyesimama hana cha kumzuia gari likisimama ghafla. Na ndani ya dashibodi ile kuna mfuko wa hewa unaofumuka kwa kishindo gari likigonga. Umetengenezwa kwa ajili ya kifua cha mtu mzima aliyefunga mkanda. Kwa mwanangu ungefumukia usoni. Nilimweleza shemeji hayo pia, akaniuliza tangu lini nimekuwa fundi. Hata askari mmoja wa barabarani, aliposimamisha gari, aliinama dirishani, akampigia mtoto saluti, akaturuhusu tupite.

Siku yenyewe tulikuwa tunakwenda Tarime kumwona dada yake mama mkwe, aliyekuwa mgonjwa. Tulishaipita Nyamongo na bodaboda zake, barabara imetulia. Pembeni kulikuwa na kundi la ng'ombe, na katikati yao dume jeusi lenye nundu. Sisi kwetu mwanamume hawezi kulipita dume zuri bila kulitazama. Shemeji akageuza shingo yote.

"Mura," akasema, kama wanaume wa kwetu wanavyoitana, "ona dume lile! Tata, ona ng'ombe zako!"

Mwanangu ndiye aliyekuwa anatazama mbele. Alisema, "Ndama," kwa sauti ndogo. Shemeji aligeuka, akamwona ndama katikati ya barabara, akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Mwanangu aliruka kutoka kwenye ule mto na uso wake ukapiga dashibodi. Nilisikia mlio wa meno.

Nilipofungua mlango wa mbele, shemeji alishashuka. Alikuwa anamwita mchungaji.

"Ndama mzima? Hajaumia?"

Ndama alikuwa mzima. Shemeji akarudi, akanikuta nimempakata mwanangu, mdomo umechanika, meno mawili ya mbele yamebaki mkononi mwangu. Akachukua kitambaa chini ya kiti. Nilinyoosha mkono nikidhani ananipa. Akapita juu ya mkono wangu na kuanza kufuta damu kwenye dashibodi.

Siwezi kueleza vizuri nilichohisi. Hasira ningeielewa. Ile ilikuwa kinyaa, kama ya mtu aliyekuta funza kwenye nyama aliyokwisha kuitafuna.

Mtoto hakulia. Alikuwa ametumbua macho, kidevu kinatetemeka, na mama mkwe anamwimbia sikioni, "Mume wangu ni mwanamume. Mwanamume halii." Naye akameza kilio pamoja na damu.

Tarime, nyumbani kwa yule dada mgonjwa, walimsukutua mdomo kwa maji ya chumvi, kisha hadithi ikaanza kunoga. Ikawa mzee ndiye aliyemwona ndama kwanza. Ikawa bila mzee kukaa mbele tungekwisha wote. Shemeji alisimulia huku anatafuna kuku, mafuta yanamtiririka hadi kiwikoni, na kwa vidole hivyo hivyo akampapasa mtoto kichwani. "Tangu leo," alisema, "kile kiti hakikaliwi na mwingine." Wote wakaitikia. Mwanangu alikuwa ameshika kikombe cha uji asichoweza kunywa.

Nikatoka nje kwenda garini. Mikanda ya nyuma ilikuwa imefukiwa chini ya vitambaa vya viti. Niliingiza mkono kwenye ule ufa, nikatoa maganda ya karanga, mfupa wa kuku, pipi iliyogandana na nywele, na kitu laini ambacho sikukitazama. Nikaupata mkanda. Nikaenda kumchukua mtoto, nikamkalisha nyuma juu ya kitenge nilichokikunja ili mkanda usimkate shingo, nikamfunga.

Nilijua kiti cha mbele kikibaki kitupu watamrudisha kabla hatujaondoka. Nikautupa ule mto nje, nikachomoa kile kichuma, nikakaa mimi.

Msomaji asiye wa kwetu anielewe. Mkamwana hakai kwenye kiti cha baba mkwe wake, hata awe amekufa. Kigoda chake cha nyumbani sijawahi hata kukisogeza nikifagia.

Mama mkwe alipofika aliziba mdomo kwa pindo la kanga. Shemeji alisimama na funguo mkononi.

"We mama, una wazimu? Toka kwenye kiti cha mzee."

Nilivuta mkanda nikafunga. Jua lilikuwa linashuka na njia ya Busawe ni ndefu. Mwishowe wakaingia. Tulipoufikia uwanda ule wa ng'ombe, sauti ikatoka nyuma, yenye kithembe, ikipenya kwenye mapengo mapya.

"We mama. Inuka kwenye kiti changu."

Ilikuwa sauti ya mwanangu na maneno ya shemeji. Mama mkwe akasema, "Umemsikia mzee."

Niligeuka nikamtazama mtoto.

"Mzee alikufa," nikamwambia. "Alizikwa. Wewe ni mtoto wangu, na umeumia."

Mama mkwe alitoa mguno kama aliyechomwa. Mwanangu akanitazama, kisha ule mdomo uliovimba ukafunguka, na hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, makamasi yanamtoka, makamasi ya mtoto wa miaka minne, mpaka tunaingia Busawe. Shemeji aliniambia mara mbili nimnyamazishe.

Sikumnyamazisha.