Roho ya Mama Musonda

Mama Musonda aliuza samaki wa Kasenga sokoni Kamalondo miaka ishirini, meza yake kando ya yangu, na sikuwahi kumshinda kwa bei. Mwaka 1984 akaanza kulalamika, "Roho inaniuma."

Shemeji zake wakacheka. "Wivu ile. Bwana yake amepata bibi ingine." Wakaitisha kikao cha familia, wakamhubiria uvumilivu siku tatu.

Nikawauliza, "Wivu inaletaka jasho? Inaumizaka mukono ya kushoto?" Nikampakia kwenye mkokoteni wangu, nikamsukuma hadi hospitali.

Daktari Kunda akanieleza: "Mu damu muko baaskari. Midomo yabo inakamata mikrobe, bile bidudu bya magonjwa, njo kazi yabo. Lakini ile midomo inameza na mafuta yenye kuharibika, haijue kushiba. Baaskari banavimba sawa povu, banakwama mu ukuta ya mushipa ya roho, ile yenye kupiga mu kifua, njia inafunga."

"Atapona?"

"Mungemuleta siku ya kwanza, mama."

Alikufa mchana uleule. Matangani shemeji mkubwa akasimama kutangaza kwamba wivu ndio uliomuua. Nilimkatiza mbele ya wote: "Roho ni nyama, citoyen, raia mwenzangu. Aliwaambia inauma, mukamufundisha adabu."