Mwambie Mpangaji Baridi ya Nyumba Yako

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka kwa majani mabichi yaliyonilowesha shavu. Ilikuwa mwezi wa saba, mjini Iringa, katika miaka ile ya sabini, wewe hujazaliwa. Nilifumbua macho nikajikuta nimelala uani, mvua ya manyunyu inaniangukia, na baba yako amepiga magoti pembeni yangu. Dada yako Nkwimba alikuwa mikononi mwake, bado mtoto wa kunyonya, na baba yako alikuwa anampepea kwa kofia yake ya kazi huku akimwita jina. Nilitaka kumuuliza kuna nini. Ulimi ulikuwa mzito.

Nitakueleza tulifikaje pale. Nimesikia umemaliza kujenga kule Uyole na unatafuta mpangaji, na sipendi uingie katika jambo hilo bila kulisikia hili.

Sisi ni watu wa joto, unajua. Nilizaliwa Usukumani, na baba yangu alihamia na ng'ombe wake bonde la Usangu nikiwa msichana mdogo. Usangu ni jua na vumbi. Tulilala madirisha wazi, na blanketi lilikuwa kitu cha wagonjwa. Huko ndiko baba yako, Maganga, alikonioa. Yeye alikuwa amejifunza ufundi wa magari, na miaka ile malori yalikuwa mengi kwenye barabara ya kwenda Zambia, basi akapata kazi katika gereji moja Iringa. Nikapanda naye mjini, mtoto mgongoni, na sufuria zangu ndani ya kikapu.

Tulifika mwezi wa kumi. Sasa, mwezi wa kumi wa Iringa ni mwongo mkubwa. Jua linawaka, hewa ni safi, ukiingia ndani unapata ubaridi mtamu unaokufanya ushukuru. Mwenye nyumba mmoja, ambaye jina lake sitalitaja kwa sababu ametangulia mbele ya haki, alitutembeza katika nyumba yake mchana wa saa saba. Kuta zimepakwa chokaa, bati linang'aa, madirisha makubwa kama ya ofisi. Alitufungulia mlango kwa madaha, akasema nyumba ile ina hewa kuliko zote mtaani. Hapo hakusema uongo. Hewa ilikuwepo. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nasi tuliingia ndani, lakini tuliingia katika mwezi usio wake.

Kipupwe kilipoanza, mwezi wa sita, nyumba ilituonyesha tabia yake. Bati lilikuwa limekaa juu ya kuta bila dari, na kati ya ukuta na bati kulikuwa na uwazi ambao ndege wangeweza kujenga. Upepo uliingia upande mmoja ukatokea wa pili kama mtu anayepita sokoni. Usiku bati lilitoa jasho, likatudondokea. Kuta zile nzuri zilikuwa za tofali jembamba, ukizigusa asubuhi unafikiri umegusa mtungi. Mkaa uliokuwa unatutosha mwezi mzima ukawa unaisha kabla mwezi haujafika katikati, na bado dada yako alikohoa mpaka akawa hawezi kunyonya.

Siku ile ya manyunyu baba yako alikuwa kazini. Mtoto anatetemeka, na mimi sijui lolote la baridi. Nani angenifundisha, mama yangu wa Usangu? Niliingiza jiko la mkaa chumbani. Nikafunga madirisha, nikaziba chini ya mlango kwa matambara, nikasimama kwenye kitanda nikajaza magunia pale juu ya ukuta. Kwa mara ya kwanza chumba kikapata joto. Nilifurahi, mwanangu. Nakumbuka nilimvua mtoto soksi. Kichwa kikaanza kuniuma kidogo, nikasema nijinyooshe.

Baba yako alirudi mapema siku hiyo, kwa kuwa mvua ilikuwa imesimamisha kazi ya nje. Akabisha, kimya. Akavunja komeo kwa bega. Alituburuta wote wawili, tumelewa hewa ya mkaa, mpaka uani. Mimi nilizinduka kwanza. Dada yako alikaa kimya muda ambao siwezi kukupimia, kisha akalia, kilio chembamba, cha hasira. Tangu siku hiyo mtoto akilia usiku sijawahi kumwambia nyamaza.

Jirani mmoja alikuja na maziwa, akatikisa kichwa. Akasema, "Hata wale waliokuwepo kabla yenu waliondoka kwa baridi hii hii. Na wale wa kabla yao."

Baba yako alikwenda kwa mwenye nyumba jioni ile ile. Hakwenda kugombana, unamjua alivyokuwa. Alimuuliza tu, "Mzee, ulijua kwamba nyumba ile haikaliki wakati wa kipupwe?"

Yule mzee akamjibu, "Hukuniuliza, kijana."

Basi. Baba yako alirudi nalo hilo neno, akakaa nalo siku nyingi, kama mtu aliyemeza mfupa.

Tukaanza kutafuta nyumba nyingine, na safari hii nilikuwa na macho ya mtu aliyeumwa na nyoka. Kila nyumba niligusa ukuta, nikatazama juu. Mama mmoja tuliyesali naye akatuambia kuna mjane mtaa wa Mlandege anaitwa Mama Anastazia, anahamia Idodi kwa mwanawe kwa sababu miguu yake haitaki tena baridi ya mjini, na nyumba yake anataka kuipangisha.

Tulimkuta anapepeta mahindi uani. Mama mnene, kitenge mabegani, sauti ya taratibu. "Kamwene," akatusalimu, tukaitikia kwa Kihehe chetu kibovu, akacheka. Nilitegemea ainuke atutembeze. Badala yake alitukalisha kwenye mkeka, akamtazama mtoto, akauliza, "Huyu kifua chake kikoje?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi niwaambie nyumba yangu, mkiwa mmekaa. Chumba kikubwa kinatazama upepo. Msilaze mtoto humo. Chumba kidogo cha upande ule kinapata jua la asubuhi, ukuta wake ni mnene, marehemu aliujenga kwa tofali mbili. Dari hakuna, tulikuwa tuweke, Mungu akamchukua. Nyuma kuna ufa unaopitisha upepo. Mwezi wa sita na wa saba mtakula mkaa karibu mara mbili ya siku za kawaida, mjiandae. Jiko liko nje, na hapo ndipo linapokaa."

Shemeji yake, mzee mmoja aliyekuwa amekaa kivulini anasikiliza, hakuweza kuvumilia. "Shemeji, unaifukuza riziki mlangoni. Ukiwahesabia nyufa, nani atapanga? Na kule Idodi utakula nini?"

Lilikuwa swali la haki. Yule mama hakuwa na kitu kingine. Mwanawe alikuwa anaanza shamba jipya, na kodi ya nyumba ile ndiyo ingewavusha mpaka mavuno. Nilimwona akifikiri kabla ya kujibu. "Riziki haivutwi kwa kamba, shemeji," alisema. "Wakiingia bila kujua, watatoka mwezi wa sita, na mimi nitakuwa Idodi sijui nyumba imebaki na nani. Tena wana mtoto."

Baba yako, ambaye bado alikuwa na ule mfupa kooni, akamuuliza, "Mama, mbona unatuambia ubaya wa nyumba yako mwenyewe? Wengine wanasubiri waulizwe."

"Ninyi si watu wa ng'ombe?" akasema. "Baba yako akiuza ng'ombe anayepiga teke, anamwambia mnunuzi, au anasubiri amkamue kwanza?"

"Anamwambia."

"Basi hii yangu inapiga teke kipupwe. Nimewaambia."

Baba yako alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ile ya uani.

Hakutupatia ufunguo siku hiyo. Alisema nyumba haionwi kwa macho, huonwa kwa kulala, na kipupwe kilikuwa bado hakijaisha, basi tuje tulale kama wageni wake, yeye akiwepo, tuone kama tutaweza. Tukalala. Baridi ilikuwepo kama alivyosema, lakini ilikuwa mahali aliposema. Chumba kidogo jua la asubuhi likiingia, dada yako alitupa blanketi kwa miguu. Mwanangu, baridi uliyoambiwa si sawa na baridi inayokuvizia. Ya kwanza unaivalia koti.

Na kwa kuwa tulijua pa kuanzia, tulianza. Mimi ni binti wa Kisukuma. Udongo na samadi ya ng'ombe ni kalamu yangu. Nikauziba ule ufa wa nyuma, nikausiriba ukuta wote wa upande wa upepo kwa ndani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema, nami nilitaka kuwahi. Baba yako kila akitoka gereji alipitia bondeni kukata matete. Akayafunga safu kwa safu, akatandika dari chumba hadi chumba, na juu yake magunia matupu. Pale juu ya ukuta akaacha tundu dogo la kupumulia, lililozibwa kwa wavu, kwa kuwa tulishajifunza kwamba nyumba isiyopumua nayo inaua. Mama Anastazia alisimama mlangoni akitazama, akasema sehemu ya kodi ya miezi ya mwanzo tumeshailipa kwa mikono. Kisha akapakia virago, akapanda lori la Idodi. Shemeji yake alimsindikiza, bado ananung'unika.

Kipupwe kilichofuata tulitumia mkaa kidogo kuliko hata alivyotuonya. Dada yako alitembea ndani ya nyumba ile, akasema neno lake la kwanza, na wewe ukazaliwa humo. Kodi tulimpelekea kila alipohitaji, hata miezi ambayo gereji ilichelewa kutulipa, maana ni vigumu kumdhulumu mtu aliyekuambia kweli.

Mwaka mmoja, katikati ya mwezi wa saba, Mama Anastazia alikuja mjini kutazamwa miguu hospitali. Alifika jioni, amejifunika khanga juu ya kitenge juu ya sweta. Nikamkaribisha kwenye kile chumba kikubwa, kile kilichotazama upepo, tukawa tunakula. Nikaona ameanza kuvua khanga. Baadaye akavua kitenge. Mwisho akavua sweta, akaliweka mapajani, akainua macho kwenye dari ya matete, akaitazama kwa muda mrefu. Alikuwa anaitazama kazi ambayo mumewe hakujaliwa kuimaliza.

Alikuja kwa siku chache. Akakaa nasi mpaka kipupwe kikaisha, mwenye nyumba akiwa mgeni wa wapangaji wake, akikubembeleza wewe kwa nyimbo za Kihehe. Ndiyo maana mpaka leo unaelewa Kihehe na hujui ulikitoa wapi.

Sasa, mwanangu, nisikilize. Binti wa dada yako amenisomea kwenye simu kwamba ziko nchi ambako huruhusiwi kuuza nyumba wala kuipangisha kabla haijapimwa, ikapewa cheti kinachosema inavuja joto kiasi gani na itakula moto kiasi gani. Alidhani nitashangaa. Nikamwambia ni jambo jema, na kwetu sisi cheti hicho kilikuwa mdomo wa Mama Anastazia.

Uyole ni baridi kuliko Iringa, wala sihitaji kukuambia. Kabla hujampa mtu ufunguo, lala katika nyumba yako mwenyewe, na ulale wakati wa kipupwe. Gusa kuta asubuhi. Inama uweke mkono chini ya mlango. Tazama juu kama joto lako linatoka na kwenda kuwapasha kunguru. Upike humo ujue mkaa au umeme unaoliwa. Unachoweza kuziba, kizibe kabla ya kupaka rangi, na uache pa kupumulia. Usichoweza, kiseme, na ukiseme kabla hujaulizwa, tena mpangaji akiwa amekaa. Atakayekimbia kwa kuusikia ukweli angekimbia tu, na angeondoka na laana mdomoni. Atakayebaki atakuzibia hata ufa ambao wewe hukuuona. Jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata liwe limebaki majivu mekundu tu. Hilo mwambie mara ya pili, akiwa anaondoka. Na siku ukiwa wewe ndiye unayetafuta nyumba, uliza. Kuuliza si ujinga. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mficha ufa, kipupwe humuumbua, lakini anayekohoa ni mtoto wa mwenzake.

Nenda, mwanangu. Mungu aijaze nyumba yako watu wema. Mtoto atakayelala humo aamke, mzee atakayeingia humo avue sweta, na kila atakayetoka humo atoke akikuombea heri.