Jumamosi ya Pombe ya Ndoo

Niliikuta pembeni ya kihenge, imejaa maharage, na mfuniko wake ungali na lile tundu dogo katikati ambalo mama aliliziba kwa gunzi la muhindi. Nilikuwa nimekuja Kasense kufungasha vitu vya marehemu mama, kazi ambayo kama hujaifanya, rafiki yangu, usiiombe. Nilijikaza mbele ya khanga zake. Nikajikaza mbele ya rozari yake. Mbele ya ndoo ya plastiki nikashindwa. Nilikaa chini nikacheka mpaka machozi, na wifi yangu akaja mbio kutoka jikoni akidhani nimechanganyikiwa.

Wifi ameolewa juzi, hajui. Wewe kaa nikusimulie.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Watu wengine wanaikumbuka kwa siasa. Mimi naikumbuka kwa harufu ya sabuni. Tulitoka kwenye foleni za sukari, halafu ghafla maduka ya Sumbawanga mjini yakafurika viatu vya mitumba, biskuti, redio, na mafuta ya kujipaka ya kila rangi. Kila ulichokitaka kilipatikana. Mbolea peke yake ndiyo iliyotukimbia. Ile tuliyokuwa tukiletewa kwa bei ya kutupa ilipanda mpaka watu wakawa wanaingia dukani kuitazama tu na kutoka.

Ndipo wakubwa wetu walipokumbuka kilimo cha babu zao, ntumba. Kabla mvua hazijakata unakwatua nyasi zingali mbichi, unazifukia ndani ya vilima vya udongo, kilima baada ya kilima, shamba zima linaonekana lina vipele. Juu yake unapanda maharage. Nyasi zinaozea humo ndani, na msimu unaofuata unavitawanya vilima na kupata ulezi wa kukufunga mdomo. Ila kazi hiyo mtu mmoja haiwezi. Huitwa watu, na watu huitwa kwa pombe. Tena si pombe ya kununua kilabuni. Hiyo ingekuwa aibu. Pombe ya kazi hupikwa kwa mwenye shamba.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Shamba lake lilibaki mteremkoni, limeota nyasi hadi kiunoni, na baba mdogo alianza kupita pale jioni kulitazama. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Kanisani alikaa benchi la mbele, na alizungumza taratibu kama anayembembeleza mtoto alale. Ndiyo maana nilimwogopa. Siku moja alikuja akanywa uji wetu, akajifuta mdomo, akasema, "Shemeji, shamba lisilo na wa kuita watu ni pori tu. Mvua zikikata halijalimwa, ukoo utalichukua. Nimeshapata mtu mwenye trekta."

Mama hakuinua macho kwenye maharage aliyokuwa akichambua. "Nitaita watu," alisema.

Akaita kweli. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba Jumamosi yao moja, na wote walikubali. Ulezi aliupata kwa kaka yake aliyeishi Mpui. Aliuloweka, akaufunika na majani ya mgomba mpaka ukaota vimizizi vyeupe, kisha akauanika uani uwe kimea. Nyumba nzima ilinukia utamu wa udongo. Sikumbuki harufu nyingine ya utoto wangu iliyonipa njaa kiasi kile.

Jumapili tulikwenda Misa. Sasa, jirani yetu wa upande wa bondeni alikuwa Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, ng'ombe wa pembe pana wasio na dini. Tuliporudi, dume moja lilikuwa linalamba mkeka, na mengine mawili yamesimama pembeni yakicheua kwa utulivu wa watu waliotoka harusini. Kilichobaki cha kimea chetu kilitosha bakuli moja.

Mimi nililia. Mama hakulia, alisimama tu na viatu vyake vya kanisani mkononi. Jirani alifika akihema, kofia ameikunja kifuani.

"Mama, mimi sina la kusema," alisema. "Chukua ng'ombe wangu na plau, wakulimie lote. Kesho asubuhi nawaleta."

"Plau haifukii nyasi, baba," mama akamjibu. "Halafu nataka watu. Ng'ombe hawezi kuitwa shahidi."

Pale ndipo nilipoelewa jambo lililokuwa likimnyima usingizi. Kila aliyelima shambani kwako kwa pombe yako amekiri mbele ya kijiji kizima kwamba shamba ni lako. Hati yenyewe ndiyo hiyo. Kuahirisha kusingewezekana, maana kimea kingine kingechukua zaidi ya juma zima, na baada ya Jumamosi ile kila mtu alikuwa na shamba lake mwenyewe. Majirani nao walikuwa wamemaliza vimea vyao kwa kazi zao.

Jumatatu asubuhi mama alinishika mkono tukaenda mjini kwa miguu, kwenye duka la mtu mmoja wa Mbeya. Mtu huyo alikuwa ameokoka kwelikweli. Hata sigara hakuuza. Bidhaa zake alizileta kutoka Tunduma, katoni za mchanganyiko unazonunua bila kujua kilichomo. Na mkewe, ambaye hakujaliwa kutunza siri, alikuwa ameshamsimulia mama kituko cha katoni moja: mlikuwa na ndoo nyeupe yenye mfuniko, kijibomba cha plastiki, kopo zito, kipakiti cha unga na karatasi ya Kiingereza. Mumewe alipoisoma ile karatasi aligundua ni vifaa vya kupikia bia nyumbani. Aliisukuma ndoo chini ya kaunta, akaikalishia gunia la chumvi, na akaomba msamaha kwa kitu ambacho hata hakukinywa.

Mama alieleza shida yake yote, kuanzia baba mdogo hadi ng'ombe. Mwenye duka alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Dada yangu, mimi siuzi pombe," alisema mwishowe. "Sijauza na sitauza." Akalisogeza gunia la chumvi kwa mguu. "Nauza ndoo. Kilichomo ndani ya ndoo ni baina yako na Mungu wako."

"Hata mimi nimefuata ndoo," mama akasema.

Tulimwachia jogoo. Kisha, kwa sababu sisi Kiingereza kilikuwa hakipandi, yule mtu wa Mungu alitusomea karatasi nzima kwa sauti ya chini, huku akichungulia mlangoni, na kila alipofika kwenye neno bia alijipangusa mdomo. Yeyusha kilichomo koponi kwa maji ya moto. Jaza maji. Yakishapoa, nyunyiza hamira ya kipakiti. Funga, chomeka kijibomba kwenye tundu la mfuniko, usifungue tena. Ikishatulia, weka kwenye chupa, usubiri majuma mawili.

"Mwambie aliyeandika," mama akasema, "kazi ni Jumamosi."

Ndani ya kopo mlikuwa na kitu cheusi, kizito kuliko asali. Nilikilamba, kilianza kitamu kikaishia chungu kama kwinini. Mama alichovya kidole, akafumba macho muda mrefu. "Ni kimea," alisema. "Wamekichemsha mpaka kikakata tamaa." Basi akafuata karatasi kwa yale aliyoyaona ya maana. Kwa kuwa kwetu Ufipa kuna baridi na pombe huwa haipendi baridi, aliivisha ndoo blanketi letu, na sisi watoto tukalala tumeizunguka kama kifaranga mgonjwa.

Siku ya pili ilianza kusema. Nyungu za mama zilisema pia, lakini ilibidi uweke sikio. Hii ilisema yenyewe kwa kile kijibomba, bwib, bwib, bwib, wageni wakiingia wanauliza kuna nini. Mama alikaa karibu yake akisuka ungo, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamsikia anaimba. Nilifurahi hadi nikaogopa kupumua.

Ndoo moja ingekwisha kabla kijiji hakijakaa vizuri. Kwa hiyo Alhamisi alipika uji mzito wa ulezi na mahindi, akauacha upoe kiasi, akatia lile bakuli la kimea lililosalimika meno ya ng'ombe. Uji ukalainika na kuwa mtamu. Ijumaa akaufungua mfuniko ambao karatasi ilikataza usifunguliwe, akamimina pombe yote pamoja na mashapo yake ndani ya nyungu kubwa juu ya ule uji. Mzungu wa kwenye kopo na mama yangu wakakutana humo. Hakuna aliyejua watazaa nini.

Wakati huo maneno yalikuwa yameshatembea. Pombe ya mjane imetoka dukani. Imetoka kwa mlokole, ina dawa. Inapofusha! Jumamosi ukungu ulipoinuka mteremkoni, waliokuja na majembe walikuwa jirani Msukuma na wanawe, mwenye duka aliyebeba birika lake mwenyewe la chai ya rangi, na bibi wa nyumba ya pili, ambaye hakuwahi kukosa shughuli yoyote. Wengine walisimama nyuma ya nyua zao wakitazama. Baba mdogo alifika, mikono nyuma, akasalimia kila mtu kwa upole.

Desturi ni kwamba watu hulima kwanza, pombe hufuata jua likigeuka. Mama alitazama ule mteremko mkubwa, akatazama zile nyua, akatuambia, "Leteni nyungu."

Ilibebwa ikawekwa ukingoni mwa shamba, mbele ya macho ya wote. Pombe yetu ya ulezi, kimpumu, hunywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, ikiongezewa maji ya moto kila inapopungua. Mimi ndiye niliyemimina maji ya kwanza. Rafiki yangu, ile hamira ya kipakiti ilikuwa haijamaliza hasira zake! Povu jeupe lilipanda, likavuka mdomo wa nyungu, likateremka hadi kwenye nyasi. Hakuna Mfipa pale aliyewahi kuona kimpumu kinatoka nje kuwapokea wageni. Kutoka nyuma ya nyua nilisikia vicheko.

Kisha mama akautoa mrija wa baba.

Ulikuwa mwanzi mrefu, mweusi kwa moshi, wenye kichujio kilichosukwa mwishoni. Tangu msiba ulichomekwa darini juu ya mlango na hakuna aliyeugusa. Mrija wa mwenye mji hurithiwa, na kila mtu alijua ungekwenda kwa nani. Baba mdogo naye alijua. Mwenyeji huonja kwanza ili wageni wawe na amani, kwa hiyo mama alipopiga goti na kunywa, hakuna aliyeshangaa. Alikunywa mkupuo mmoja, akameza. Baba mdogo akanyoosha mkono kuupokea.

Mama akanywa tena. Alipomaliza aliuweka mrija mapajani, akachukua mwingine mpya kwenye kapu, akampa kwa mikono miwili.

"Huo ni wa wageni, shemeji," alisema. "Karibu shambani kwangu."

Baba mdogo aliutazama ule mrija mpya. Angeweza kuutupa. Lakini alikuwa mtu wa heshima, na pombe ilikuwa inanukia. Aliinama, povu likampaka pua, akavuta. Akavuta tena. Bibi wa nyumba ya pili hakusubiri kukaribishwa. Alichomeka mrija wake pembeni, akanywa, akasimama wima na kupiga kigelegele kilichofika bondeni.

"Inachekesha tumboni!" alipaza sauti. "Njooni jamani, inachekesha tumboni!"

Wakaja. Walitoka nyuma ya nyua, majembe begani, wengine wakikimbia. Sijawahi kuona shamba likigeuka vile. Nyasi zilikwatuliwa, udongo ukafuata, vilima vikapanda mteremko kwa mistari, na nyimbo za kazi zikipokezana toka kona hadi kona, jina la mama ndani yake. Wana wa Msukuma walijifunza ntumba kwa kuchekwa. Mwenye duka alilima kwa chai, akatangulia mstari wake, na kila alipopita karibu na nyungu aligeuza uso na kuongeza mwendo. Baba mdogo alivua koti. Kilima cha mwisho kabisa, kule juu, alikifunika yeye, jua likiwa bado lipo.

Mama alisimama katikati ya shamba lake, mrija wa baba mkononi, matope hadi magotini. Alikuwa mwanamke mfupi. Siku ile sikumwona mfupi.

Sasa ntumba zimekwisha pale. Trekta linapita kwa siku moja, vibarua wanalipwa na kuondoka bila kumjua mwenye shamba, na bia inakuja kwa kreti, baridi, kila mtu na chupa yake. Siwalaumu, migongo yetu imepumzika. Ila hakuna tena kitu kinachotulazimu kuinamisha vichwa juu ya chungu kimoja, na nadhani tunasahauliana haraka kwa sababu hiyo.

Jioni, nilipokuwa ningali nimekaa na ile ndoo, alikuja baba mdogo. Sasa ni mzee wa fimbo. Nilimwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia, akasimama mlangoni bila kuingia. Alinyanyua mkono, akapapasa darini juu ya mlango, akauchomoa. Nilikuwa sijautafuta kule. Niliogopa nisiukute.

"Wewe ndiye binti yake mkubwa," alisema, akinipa mrija kwa mikono miwili. "Siku ukipika uniite. Na wa wageni usisahau kuniwekea."