Mwalimu Jalada na Kompyuta Iliyovaa Sweta

Shangazi yangu alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusahihisha daftari lisilo na jalada. Ungeweza kukosa hesabu zote kumi, akakuonea huruma. Lakini daftari likifika mezani kwake uchi, unarudi nalo nyumbani, wewe na mama yako mkatafute gazeti. Ndiyo maana mtaa mzima, wakiwemo watu wazima wenye vitambi ambao yeye ndiye aliyewafundisha kuhesabu kwa vijiti, wanamwita Mwalimu Jalada. Mbele yake wanamwita Mwalimu tu. Mtaa wetu una akili.

Alipostaafu, madaftari yakaisha, ila mikono haikupewa taarifa. Akaanza kufunika nyumba. Rimoti ikaingia kwenye nailoni. Viti vikavaa vitambaa, na vitambaa vikavaa plastiki ili visichafuke. Redio ina sketi. Simu yake ameijalidi mara tatu. Akikupigia unadhani ametekwa na anaongea kutoka ndani ya gunia. Na kompyuta ya mezani, ambayo watoto wake walimnunulia ili wamwone uso wanapoongea naye kutoka mbali, aliifumia sweta la samawati lenye kola. Kola kabisa, na kifungo.

Basi zahanati ya mtaani ikafunga mashine ya kuita wagonjwa. Unachukua karatasi yenye namba, unakaa kwenye benchi, spika inakuita. Walihitaji sauti ya kutamka namba moja hadi mia, pamoja na madirisha manne, sauti ya mtu wa hapa hapa, "ya upole lakini inayosikika". Shangazi alijiandikisha siku hiyo hiyo. Tangu astaafu hakuna aliyekuwa akimsikiliza isipokuwa Anko, mume wake, na Anko husikiliza akiwa amelala.

"Nataka niite mtu, na mtu aitike," aliniambia.

Mpinzani wake alikuwa mke wa muuza magodoro, anayesoma matangazo ya duka lao kwa sauti laini kama mto mpya.

"Huyo akiita namba sita," Shangazi alisema, "namba saba mpaka kumi watakuwa wameshasinzia."

Alirekodi namba kumi za majaribio kwenye kompyuta yake, akazituma. Fundi wa ile mashine akamjibu: "Mwalimu, sauti tumeipenda. Tunaomba urudie, sasa zote mia, ila safari hii utoke kwanza ndani ya mashine ya kusaga. Mwisho Ijumaa saa sita mchana."

Ijumaa saa mbili asubuhi akanipigia. Nilisikia nailoni ikichakarika, kisha neno moja: "Njoo."

Mimi nilisomea elektroniki, stashahada, mihula mitatu kati ya sita. Katika ukoo wetu hiyo inatosha kuitwa injinia mpaka kitu kiharibike.

Kelele niliipokea getini. Sebuleni, kompyuta ilikuwa imesukumizwa ndani ya kabati la televisheni, juu ya zulia la manyoya. Imevaa sweta. Juu ya sweta, blanketi. Juu ya blanketi, mto. Inanguruma kama lori linalopanda mlima kwa gia isiyo yake. Anko alikuwa amelala kwenye kochi la pembeni, mdomo wazi, ametulia kama mtu anayeimbiwa. Na nyuma ya mashine, pale hasa hewa ya moto inapotokea, soksi zake sita zilikuwa zimepangwa zikauke.

"Shangazi, hili blanketi la nini?"

"Inapiga kelele. Nimeifunika inyamaze."

"Ikanyamaza?"

"Ikazidi. Nikaongeza blanketi."

"Ikazidi tena?"

"Ndiyo nikaweka mto. Usinihoji kama polisi, we mtoto."

"Shangazi, humo ndani kuna feni. Mashine ikipata joto, feni inakimbia kuipoza. Wewe unafunika, joto linapanda, feni inakimbia zaidi, wewe unaleta blanketi. Mnashindana, na feni haichoki."

"Mimi pia sichoki."

"Hapo ndipo penye tatizo."

Nilizima, nikachomoa waya ukutani, nikaanza kuivua nguo moja baada ya nyingine. Nilipofika kwenye soksi, Anko alifumbua jicho moja.

"Hizo ziache. Bado zina unyevu."

"Anko, umeziba pua ya mashine."

"Mbona haijalalamika?"

"Inalalamika kila siku! Mtaa mzima unasikia!"

"Mimi hiyo sauti naipenda," akasema, akafumba jicho lake.

Nikafungua ubavu kwa bisibisi. Jamani. Kulikuwa na vumbi la kushonea koti. Lilikuwa limejaa kwenye yale mabati membamba yanayobeba joto la prosesa, ubongo wa mashine, limeshikana kama godoro.

Shangazi alijikweza. "Vumbi? Ndani ya nyumba yangu? Hii imefunikwa tangu siku iliyoingia!"

"Hebu liangalie rangi."

Akavaa miwani, akainama. Vumbi lilikuwa la samawati. Sweta lilikuwa likinyonyoka taratibu na feni ikilivuta, uzi kwa uzi, miaka miwili. Akatazama vumbi, akatazama kola.

Nililegeza vumbi kwa brashi ya rangi huku kidole kimeshika mapanga ya feni yasizunguke hovyo. Anko tukampa pampu ya baiskeli apulize. Akapuliza kwa bidii, akiwa amesimama upande usiofaa, na alipomaliza alikuwa na ndevu za samawati. Ile dawa nyeupe inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa ilikuwa imekauka ikawa makoko. Nikaikwangua, nikaweka mpya kutoka kwenye begi langu, kiasi cha punje ya dengu.

"Hiyo tu?" Shangazi akauliza. "Paka vizuri, usiwe bahili."

"Si siagi, Shangazi. Ikizidi inakuwa blanketi jingine."

Feni ya nyuma niliitoa, nikaifuta, nikairudisha. Nikaitoa mashine kabatini na kuiweka juu ya meza ngumu, hatua moja kutoka ukutani. Saa nne na nusu nikawasha, nikajipanga kupokea sifa.

Dakika kumi zilikuwa tamu. Ya kumi na moja, lori likaanza tena kupanda mlima.

"Injinia," Shangazi akaita.

"Ni umeme. Umeme wa leo una nguvu sana."

"Injinia."

"Pia hali ya hewa..."

Alichukua uzi wa kufumia, akakata kipande cha urefu wa kiganja, akakining'iniza mbele ya mashine. Uzi ukavutwa kuelekea ndani. Akazunguka, akakining'iniza nyuma. Uzi ukavutwa ndani pia.

"Hewa ya moto inatokea wapi?"

"Nyuma, Mwalimu." Sijui hilo Mwalimu lilitoka wapi.

"Hapa uzi unafanya nini?"

"Unaingia."

"Kwa hiyo hewa inaingia mbele, inaingia na nyuma. Inatokea wapi?"

Miaka ishirini ilinitoka mwilini. Nilikuwa darasa la pili, kamasi na kila kitu. Nilikuwa nimeirudisha feni mgongo mbele. Somo la kupoza mitambo lilikuwa muhula wa nne, na mimi, kama nilivyosema, niliishia wa tatu.

"Rudia," akasema. Akachukua kalamu nyekundu, akaliandika neno hilo kwenye kipande cha plasta na kukibandika juu ya feni yenyewe. Kipo mpaka leo.

Nikaizima, nikaigeuza feni, nikafunga, nikawasha. Uzi wa mbele ukaingia, wa nyuma ukapeperuka nje kama bendera. Tukangoja dakika ishirini. Niligusa ubavu: vuguvugu tu. Nikatega sikio.

Kimya.

Halafu tukaanza kusikia vingine. Ile feni ilikuwa imetufichia mengi. Saa ya ukutani ilikuwa ikipiga nyundo. Friji ilikuwa na kikohozi. Bomba la jikoni lilidondosha tone kila tulipodhani limeacha. Na Anko, ambaye kwa miaka miwili tuliamini ameacha kukoroma, alikuwa akikoroma kwa sauti mbili, moja ya kuvuta na nyingine ya kuuliza swali.

Saa tano na dakika kumi. Shangazi akapanda juu ya kiti, akaishusha saa, akaifunga ndani ya lile blanketi na kulitupa kabatini. Blanketi likapata kazi yake hatimaye. Friji nikaichomoa. Bombani tukaweka kitambaa, matone yaangukie pamba. Anko tukamtoa nje na kiti chake na soksi zake.

"Nimekosa nini?" akauliza.

"Unapumua," Shangazi akamjibu, akafunga mlango.

Akakaa mbele ya maikrofoni, akanyoosha kola yake mwenyewe, akasema: "Namba moja! Dirisha la kwanza!"

Nilisimama.

"Kaa chini, nimeita mgonjwa."

"Shangazi, upole. Walisema upole."

"Huo ndio upole wangu."

Tukajaribu mara nne. Nilimwambia amfikirie mtu anayempenda, akaniangalia. Nilimwambia awafikirie wanafunzi wake siku ya kwanza ya shule, wale wadogo kabisa wanaolia mlangoni. Hapo akavua miwani, akaifuta taratibu, akairudisha. Sauti iliyotoka ilikuwa ileile, ila imekunjuka. Alisoma namba moja hadi mia bila kusimama, na kompyuta haikutia neno. Tukatuma saa sita kasoro dakika tatu, kisha nikachomeka friji, ikakohoa.

Wiki iliyofuata zahanati ikampigia. Mke wa muuza magodoro alishindwa kwa haki: wakati wa kumsikiliza, mmoja wa waamuzi alilala.

Siku mashine ilipowashwa tulikwenda wote watatu. Shangazi alichukua karatasi ya namba kama mgonjwa wa kawaida, akaitia kwenye nailoni aliyokuja nayo. Tukakaa. Benchi zilijaa: fundi baiskeli, dobi, muuza magodoro mwenyewe, watu wa makamo wenye presha na magoti. Spika ikakwaruza kidogo.

"Namba kumi na mbili," ikasema sauti ya Shangazi, pole, safi, bila hata chembe ya feni. "Dirisha la pili."

Chumba kizima kikasimama.

Kilisimama kwa mpigo mmoja, mikono ubavuni. Fundi baiskeli alichomeka shati. Dobi alificha simu nyuma ya mgongo. Anko, mwenye namba sitini na moja, alisimama wima kuliko wote, na nesi wa dirisha la pili alisimama pia, japo yeye ndiye aliyebonyeza kitufe cha kuita. Mwenye namba kumi na mbili, mzee mmoja mwenye fimbo, alitembea hadi dirishani kwa hatua za gwaride. Waliobaki hawakujua wafanye nini. Walikuwa wakingoja.

Shangazi aliwatazama kwa zamu, benchi la mbele hadi la nyuma. Macho yake yaling'aa ndani ya miwani.

"Kaeni," akasema.

Wakakaa.