Bei ya Ubaoni

Watengeneza sabuni wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, walinichagua niwe mwandishi wa bei kwa sababu moja tu: niliwahi kusoma uchumi chuo kikuu kule Bukavu, na tangu nifike hapa elimu hiyo ilikuwa haijamdhuru mtu. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kila Jumatatu niyapigie simu maduka matatu ya kemikali huko Kanengo, upande wa viwanda wa Lilongwe, niulize bei ya gunia la kostiki, zile chembe nyeupe zinazounguza vidole na ambazo bila hizo mafuta hubaki kuwa mafuta. Nichukue bei ya katikati, niiandike kwa chaki kwenye ubao ulio nje ya kanisa letu. Mchuuzi anayeleta kostiki kambini angeuza kwa bei hiyo, akiongeza nauli, na ugomvi wake na watengeneza sabuni ungekwisha.

Ugomvi ulikwisha kweli. Nilijisifu. Nilichora jedwali katika daftari, na chini yake nikaandika kanuni kwa kalamu nyekundu: bei isiyofanana na nyingine iachwe, na kadhalika. Kwa miezi minne bei haikusogea. Dizeli ilipanda, kwacha ikaanguka, nyanya zikafanya zinavyotaka, lakini kostiki ilitulia kama maji mtungini. Hali hiyo nikaiita uthabiti wa soko. Mungu anisamehe.

Aliyenizindua ni jirani yangu, mama wa Uvira anayechemsha sabuni nyuma ya nyumba yake. Shule moja ya bweni karibu na Dowa ilikuwa imemtaka apeleke bei yake kabla Ijumaa haijaisha. Akikubaliwa, angeiuzia shule sabuni muhula mzima badala ya kuzunguka juani na beseni kichwani. Alikuja Jumanne asubuhi, hakukubali kuketi.

"Papa, hii bei yako ya juu njo inaniua."

"Si yangu, mama. Ni ya soko."

"Soko gani? We ulishaka kwenda kule?"

"Napiga simu."

"Anapiga simu!" akawaambia kuku wangu. "Bantu ba masomo! Suruali yake hawezi kununua kwa simu, lakini kostiki ya kambi nzima, ndiyo."

Nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Jumatano ikaishia katika kuomba ruhusa ya kutoka kambini. Alhamisi tukaenda Kanengo pamoja.

Mwenye duka la kwanza ni Mrundi aliyekaa Lilongwe miaka mingi. Sauti yake naijua vizuri, ila yeye hakuwahi kuuona uso wangu, na simuni alinidhani mteja tu. Nikamuuliza bei ya gunia.

"Ngoja kidogo, mzee." Akapiga simu. "Alo? Ubao wa Dzaleka unasemaje wiki hii? Ile ile? Haya." Akanitajia bei yangu mwenyewe, mpaka kwacha ya mwisho.

"Mbona unauliza kambini?"

"Huko kuna mzee mmoja amesoma sana. Yeye ndiye anayepima soko."

"Na yeye anapimia wapi?"

Akafikiri. "Lazima ana njia zake."

Mama jirani aligeukia mlango, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Miezi minne nilikuwa nikiuliza bei kwa watu waliosoma jibu kwenye ubao wangu. Nilitamani sana kumkemea mtu, nikakosa wa kumkemea isipokuwa mimi.

Kisha mama akaanza kazi. Alifungua pochi, akaifunga, akaondoka mpaka nje, akaitwa, akarudi.

"Hiyo ni bei ya kuulizia," mwenye duka akakiri, naye sasa akicheka. "Ya kununulia ni nyingine."

Bei waliyopatana ilikuwa chini kiasi cha kunitia aibu. Kwa kanuni zangu ningeiacha, maana haikufanana na nyingine. Hata risiti mwenye duka aliiandika kwa bei ya ubaoni. "Nikiandika hii ya leo, wengine watanisumbua," akanieleza kwa upole, kama anamfundisha mtoto. Tulipita pia yale maduka mengine mawili. Moja lilipiga simu kambini. La pili, liliposikia tunatoka Dzaleka, lilituuliza sisi ubao unasemaje.

Ijumaa mama alipeleka bei yake shuleni. Jumamosi jibu likaja: amekubaliwa. Akaniletea vipande viwili vya sabuni pamoja na ombi.

"Papa, Jumatatu uandike ile ya zamani."

"Ile iliyokuwa inakuua?"

"Sasa inaua bengine. Uniache muhula huu tu. Shule ikisikia kostiki imeshuka, batakata bei yangu. Na bale ba mama bengine batapeleka yao ya chini. Uko na roho, papa?"

Jumapili nzima nilijiuliza kama ninayo. Ibada ilipita bila mimi, ingawa niliketi benchi la mbele.

Jumatatu sikupiga simu. Niliandika bei niliyoiona, na chini yake: gunia moja, Alhamisi, mbele ya macho yangu. Kufikia saa nne mchuuzi alikuwa akinitukana kwa lugha tatu, na wanawake sita wamekwenda kuomba ruhusa ya kutoka. Wenye maduka wa Kanengo, ambao hawakuwahi kunipigia hata siku moja, walipata namba yangu kwa mchuuzi, wakanipigia wote watatu kuuliza nina ugonjwa gani.

Shule haijakata bei ya mama, angalau mpaka ninapoandika haya. Lakini tukikutana kisimani hunipisha na kusema "zikomo", asante ya Kichewa, lugha ya wenyeji, kama anavyomwambia karani wa ofisini, kisha anaendelea kuzungumza Kiswahili na wenzake.